Mama Mkwe Hayumo Kwenye Spika

Watu walimwita Sikio, naye aliliitikia jina hilo kama wengine wanavyoitikia cheo. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa sauti. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na kutwa alikuwa akiitafuta ile ya kwenye paji. Bomba likivuja kwa jirani, alikuambia linadondosha matone mangapi kwa dakika. Akiingia ofisi ya mtu, kabla ya salamu alisema feni ya darini imelegea skrubu moja, na kweli ilikuwa imelegea. Jambo ambalo masikio yale hayakulisikia hata siku moja ni mkewe kuita kwamba chakula kiko mezani.

Studio yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba. Kuta alizifunika kwa sponji za magodoro, mlango ulikuwa mzito kiasi cha kusukumwa kwa bega, na harufu ya rangi ilipanda kutoka chini asubuhi mpaka jioni, hata wateja wengine wakamaliza kurekodi huku wanaona kizunguzungu na kudhani ni utamu wa wimbo wao.

Huko ndiko Meneja alikomfuata. Meneja alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, viatu bila soksi, mkuu wa kampuni iliyorithi kanda za muziki wa zamani. Hakuwahi kusikiliza wimbo ukaisha. Ukifika dakika ya pili, kidole kilimwasha, akabonyeza unaofuata. Basi mtu huyo alikuwa amerudi kutoka maonyesho ya vifaa, ambako walimkalisha kwenye kiti katikati ya spika nyingi, wakazima taa, na helikopta ikapita juu ya kichwa chake kwa sauti tu. Akainama. Mtu mzima, na suti yake, akainama. Tangu hapo akaona kila kitu duniani kinapaswa kupita juu ya vichwa vya watu.

"Fundi, nataka zile nyimbo kumi na mbili za bendi ya zamani zizunguke," alisema. "Spika kumi na mbili. Saba ukutani, nne darini, na moja kubwa ya chini ya kutikisa matumbo. Tarumbeta ipite juu ya watu kama ndege."

"Bosi, mpiga tarumbeta siku ile alikuwa amekaa kwenye kreti la soda," Sikio alimjibu. "Na goti lilikuwa linamuuma. Haruki kwenda popote."

"Basi tutamrusha sisi."

Sikio akajaribu kumweleza. Siku hizi ngoma inarekodiwa peke yake, gitaa peke yake, hata pumzi ya mwimbaji ina faili lake. Ukitaka kuisogeza, unaisogeza. Lakini bendi ile ilirekodiwa miaka arobaini na sita iliyopita, watu wanane chumba kimoja, kwenye kanda ya njia nne. Njia ya kwanza ngoma na besi, ya pili magitaa, ya tatu tarumbeta na saksafoni, ya nne waimbaji. Na hata hapo ni kwa jina tu, maana maiki haina adabu. Unaielekeza kwa huyu, yenyewe inasikiliza na umbea wa jirani. Ngoma ilikuwa imevujia kwa waimbaji, tarumbeta imevujia kwa magitaa, kama harufu ya kitunguu inavyoingia mpaka kwenye nguo zilizofungiwa kabatini. Ukimsogeza mpiga tarumbeta nyuma ya chumba, kivuli chake kinabaki mbele kwa mpiga gitaa.

"Kwani si kuna programu ya kutenganisha?" Meneja akauliza.

"Ipo."

"Basi."

Meneja alikuwa na hiyo "basi" yake iliyomaliza kila mazungumzo. Akashuka ngazi, na Sikio akabaki na maboksi ya kanda, na tarehe ya uzinduzi iliyokwisha kutangazwa.

Kanda zenyewe zilikuwa zimezeeka vibaya. Gundi yake ilikuwa imelainika, na ukiichezesha hivihivi unga wa kahawia unabanduka, muziki unabaki kwenye mashine kama masizi kwenye sufuria. Dawa yake ni kuioka: joto dogo, nyuzi hamsini na tatu, kwa muda wa saa nane, si zaidi. Studio haikuwa na oveni. Nyumbani ilikuwepo.

"Baba Watoto," mkewe alisema siku hiyo, ameinama mbele ya oveni na bakuli la unga mkononi, "hii nini humu ndani?"

"Wimbo."

"Unaiva saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Haya. Mwambie na huyo meneja wako aje ale, maana sisi leo ni mkate wa dukani." Akaifunga oveni taratibu. "Na usiuunguze. Mama yumo humo."

Mama alikuwa yumo. Au tuseme, Mama Mkwe alisema yumo, na alikuwa akilisema hilo kwa miaka arobaini na sita bila kupunguza neno. Enzi hizo alikuwa na miaka ishirini na saba, akifua mashuka ya hospitali, kwenye chumba chenye mashine zilizonguruma kiasi kwamba ukitaka mwenzako akusogezee sabuni, ilibidi uimbe. Sauti yake ilikomalia humo. Mpiga saksafoni alikuwa jirani yake, akamwita siku moja, kwa wimbo mmoja, aje asaidie kiitikio. Akafika na sare yake ya kazi, mikono ingali inanuka klorini. Fundi wa siku ile alipomsikia mara moja tu, akamwomba arudi nyuma kidogo. Akarudi. Akamwomba arudi tena. Mwishowe aliimbia mlangoni, mgongo unagusa kitasa, hana maiki yake mwenyewe, na bado akaingia kwenye maiki zote za chumba kile.

Santuri ikatoka. Jalada lilikuwa na picha ya wanaume saba wameegemea gari lisilo lao. Yeye pichani hayupo, na jina lake halikuandikwa hata kwa herufi za wale wanaoshukuriwa kwa kuleta maji ya kunywa. Tangu siku hiyo, kila alipoutaja wimbo ule mbele za watu, wifi yake alikohoa.

"Yule si wewe, wifi," alikuwa akimwambia. "Yule ni mpiga gitaa, ana sauti nyembamba yule."

Ungeweza kumtukana Mama Mkwe mapishi yake, akakusamehe kabla ya jua kuzama. Lakini hilo la mpiga gitaa mwenye sauti nyembamba alilibeba miaka yote kama kokoto kiatuni.

Na Sikio, katika watu wote, ndiye aliyekwenda kuahidi. Alikuwa na sababu. Mama Mkwe hakuwahi kumwelewa. Siku alipokwenda kujitambulisha, kijana na shati la kuazima, aliulizwa, "Kazi yako nini, mwanangu?" Akajibu, "Nasikiliza, Mama." Mama Mkwe akamtazama kutoka utosini hadi kwenye vidole. "Hata mimi nasikiliza. Nimeuliza kazi." Miaka ishirini na saba ya ndoa, watoto watatu, na swali lile alikuwa bado hajalijibu. Sasa akaona nafasi yake imefika. Akaenda nyumbani kwa mkwewe, akakaa ukingoni mwa kiti, macho chini, akasema:

"Mama, safari hii utasikika. Kila kona ya ukumbi."

"Tutaona," alisema Mama Mkwe. Kesho yake akawaalika watu kumi na wanne kwenye uzinduzi, na wa kwanza kualikwa alikuwa wifi.

Wiki saba Sikio alipambana na ile programu. Mara ya kwanza waimbaji walitoka kama wanaimbia ndani ya ndoo. Mara ya pili matoazi yalichirizika kama mafuta ya moto. Mara ya tatu programu iliamua saksafoni ni mtoto analia, ikamtoa. Fundi akairudisha, akapunguza, akaongeza, akasafisha, mpaka kila ala ikasimama peke yake kwenye faili lake, safi, kavu, imechanwa na kupakwa mafuta. Kila kilichokuwa kimevuja pasipo pake, programu ilikikusanya kwenye faili moja, naye kwa kuringa akaliita TAKA. Kichwa kilimvimba. Alikuwa akisikiliza ngoma peke yake, anatabasamu; anasikiliza gitaa peke yake, anatikisa kichwa. Wimbo mzima hakuwahi kuusikiliza. Alikuwa kama mpishi anayeonja chumvi peke yake, bizari peke yake, na kujisifu kwamba mchuzi umekolea.

Zikiwa zimebaki siku tisa, akamleta mkewe studio, akamkalisha kwenye kiti cha katikati, spika zimemzunguka pande zote kama watu wanaomdai, akawasha.

Wimbo ulipoisha akauliza, "Haya, vipi?"

"Tarumbeta imenipita juu."

"Umeona, eh!"

"Ngoma iko nyuma yangu. Nimegeuka mara mbili nikidhani kuna mtu."

"Ndiyo yenyewe hiyo!"

"Na Mama yuko wapi?"

Sikio akarudisha kiitikio. Wanaume wawili wakaimba, wasafi kama sahani zilizotoka kuoshwa, na kati yao pengo ambalo ungeweza kupitisha kabati. Akarudisha tena.

Alielewa palepale, na kuelewa kwenyewe kulimuuma zaidi ya kutoelewa. Mama Mkwe hakuwa na maiki. Hakuwa na njia yake kwenye kanda. Alikuwa mvujo mtupu, kidogo kwenye ngoma, kidogo kwenye magitaa, kidogo kwa tarumbeta, kidogo kwa waimbaji. Programu iliambiwa kwenye ngoma iache ngoma, ikamwondoa. Kwenye magitaa ikamwondoa. Kwa tarumbeta ikamwondoa. Kwa waimbaji ikaona sauti moja iko karibu na nyingine iko mbali huko mlangoni, ikasema hii ya mbali ni mwangwi wa chumba, ikamwondoa na hapo. Mwanamke mmoja ametupwa nje mara nne, na mkwewe anatikisa kichwa kwa raha.

Akafungua faili la TAKA.

Kwanza ulisikika mvumo wa umeme. Kiti kikalia. Ngoma ikapiga kwa mbali kama iko nyumba ya tatu. Halafu kiitikio kikaingia, naye akaingia nacho, mzima, kifua wazi, sauti ya mtu anayeomba sabuni kuvuka mashine nne. Chumba kizima kilijaa. Mkewe alishika mikono ya kiti, akakaa hivyo mpaka sauti ikanyamaza.

"Umemtupa mama yangu," alisema.

"Si mimi, ni programu."

"Programu ina mama mkwe?"

Sikio akalifungua tena lile faili.

Usiseme basi si amrudishe tu. Alijaribu usiku na mchana. Lakini taka ile haikuwa na Mama Mkwe peke yake. Ilikuwa na kivuli cha kila mtu. Ukimrudisha yeye, anarudi na ngoma iliyomvujia, tarumbeta iliyomvujia, na kiti kinacholia. Sasa tarumbeta iko darini na palepale iko mbele. Ngoma iko nyuma na iko mlangoni. Kila ala mara mbili, zinagongana, na ule mzunguko wote unapooza kama soda iliyoachwa wazi. Ili wimbo ukae sawa na yeye akiwemo, ilibidi ala zote zirudishwe mbele, zikae pamoja kama zilivyokaa siku ile. Ilikuwa aidha mzunguko bila Mama Mkwe, au Mama Mkwe bila mzunguko.

Akamwita Meneja, akamsikilizisha vyote viwili. Yaani dakika mbili za kila kimoja.

"Hii ya pili imeharibika," alisema Meneja. "Mbona wote wamesongamana mbele kama wanapiga picha ya pasipoti?"

"Ndivyo walivyokaa, Bosi. Na yule mwanamke anasikika."

"Mwanamke gani? Kwenye jalada hakuna mwanamke."

"Ni mama mkwe wangu."

Meneja akacheka mpaka akashika ukuta wa sponji. "Fundi, mimi mama mkwe wangu natafuta namna ya kumpunguza sauti, wewe unatafuta ya kumwongeza?"

"Siwezi kukupa ule wimbo bila yeye."

"Huna haja ya kunipa. Nakala ya wiki iliyopita ninayo. Hiyo ndiyo itakayopigwa." Akatazama saa. "Basi."

Ikabaki kwenda kumwambia mwenyewe. Sikio alijipanga njia nzima, maneno mazuri, ya kitaalamu, na yote yakamwishia mlangoni. Mama Mkwe alikuwa anapiga pasi gauni la uzinduzi, la bluu, akifuata mshono kwa ncha ya pasi kama mtu aliyepiga pasi mashuka ya hospitali maisha yake yote. Mkwe wake akamweleza akiwa wima, mikono nyuma. Pasi ikasimama mara moja tu, katikati ya maelezo.

"Taka?" Mama Mkwe aliuliza.

"Ni jina la faili tu, Mama."

"Na jina nani alilichagua?"

Sikio akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nimealika watu kumi na wanne," alisema Mama Mkwe. "Sina miguu ya kuwazungukia tena kuwaambia wasije. Wewe nenda kazini kwako." Akarudisha pasi kwenye mshono. "Kasikilize."

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi wa mikutano wa hoteli moja, zulia lenye maua na viti vya kitambaa. Meneja aliagiza mapazia yafungwe na taa zizimwe, ili watu, alisema kwenye kipaza sauti, waone kwa masikio. Watu wakaanza kuona kwa masikio. Wakajikwaa. Mmoja alikalia mkoba wa mwenzake. Wimbo wa kwanza ulipoanza, shingo zote zikawa zinageuka kama za kuku waliosikia mwewe. Tarumbeta ilipopita, bwana mmoja mnene aliinama, na Meneja akampigia makofi peke yake gizani. Saksafoni ilipotambaa ukutani, mwingine alishika mfuko wake wa nyuma kuhakikisha pochi ipo. Hakuna aliyeimba wala aliyetikisa mguu. Nani aucheze muziki wakati anautafuta uko wapi?

Sikio alikuwa nyuma, kwenye meza ya mitambo, nakala ile ile mbele yake, kidole kwenye kitufe. Alijua Mama Mkwe amekaa wapi: mstari wa nne, kiti cha saba, katikati kabisa, wifi kulia kwake. Wimbo wa tano, ule wa Mama Mkwe, ulipoanza, alitamani umeme ukatike. Umeme, siku unapohitajika kukatika, haukatiki.

"Haya wifi," sauti ya wifi ilisikika wazi kwenye giza, "uko wapi?"

"Subiri kiitikio."

Kiitikio kikafika. Wale wanaume wawili wakaanza, mmoja kutoka kushoto na mwingine kulia, na pengo lao katikati. Na katika lile pengo, Mama Mkwe akaimba.

Hakusimama. Hakukohoa kwanza. Aliiachia tu. Ilikuwa sauti ya miaka sabini na mitatu, imeshuka chini kidogo, ina mikwaruzo ukingoni, lakini iliingia pale ilipotakiwa kuingia, ikajaa kutoka zulia hadi dari. Spika kumi na mbili zilisikika kama watoto waliokatizwa na mkubwa. Shingo zikaacha kuzunguka. Ukumbi mzima ukageukia katikati. Kiitikio cha pili kilipofika watu walikuwa wanagonga miguu, na kufikia cha tatu yule bwana aliyekuwa ameinama alikuwa anaimba naye.

Sikio akaondoa kidole kwenye kitufe. Katika ukumbi ule wote yeye ndiye aliyefunga nyaya, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba pale katikati hakuna spika.

Taa zilipowashwa, Mama Mkwe alikuwa ametulia, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mgeni rasmi, mzee mwenye maduka ya vifaa vya sauti, akamfuata Meneja, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Hizi nyingine zinazunguka tu, zinachosha shingo," alisema. "Lakini ile spika ya katikati! Ile ina mtu ndani."

"Ni teknolojia mpya," alisema Meneja. Hakupepesa hata jicho. "Tumeihangaikia sana."

"Wimbo ule nauhitaji vilevile, kwenye maduka yangu yote. Vilevile, usipunguze kitu."

"Bila shaka, Mzee."

Mstari wa nne, wifi alikuwa anajisugua sikio la kushoto, lile lililokuwa upande wa mwimbaji.

"Wifi," alisema taratibu. "Ni wewe."

"Nani?"

"Kwenye ile santuri. Ni wewe."

"Mpiga gitaa je?"

"Niache bwana, sikio linavuma."

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Meneja alipanda ngazi za studio mbilimbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Fundi, ile spika ya katikati tuliifunga wapi?"

"Mstari wa nne, kiti cha saba."

"Kiti kina spika?"

"Kina mama mkwe wangu."

Ilimchukua Meneja muda kuketi. Alikaa kwenye kiti cha katikati, spika zimemzunguka kimya, na kwa mara ya kwanza alisikiliza maelezo mpaka mwisho, maana alikuwa amekwisha kumwahidi mzee mwenye maduka kitu ambacho hana. Alipomaliza kusikiliza akasema jambo rahisi kabisa: mama aje arekodi. Wakaenda wote wawili. Mama Mkwe aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawapa maji, akawasikiliza.

"Nilishaimba," alisema.

"Mara moja tu, Mama, kwa ajili ya..."

"Nilishaimba, mwanangu. Nikiwa na miaka ishirini na saba, na sare ya kazi. Iko kwenye taka, mkwe wangu anajua ilipo. Mkaichukue."

Meneja akamtazama Sikio. Sikio akatazama glasi ya maji. Hakukuwa na njia nyingine, wakarudi.

Siku nne akaujenga upya wimbo ule. Akalirudisha faili la taka lote, mvumo wa umeme na kiti kinacholia na kila kitu. Akaiteremsha tarumbeta kutoka darini, akaikalisha kwenye kreti lake. Akawasogeza wote mbele, na zile spika za nyuma na za juu akaziachia mwangwi mdogo tu wa chumba, ili msikilizaji ajue kuta ziko wapi na mlango uko wapi. Meneja alikuja kusikiliza. Safari hii alifika dakika ya tatu.

"Mbona tarumbeta haizunguki?"

"Imemwona mama mkwe, imekaa chini."

Meneja alitaka kusema basi, ikamkwama. Akatia saini. Wiki ile ile alitoa hotuba mahali fulani kuhusu umuhimu wa kuheshimu sauti asilia, na alipigiwa makofi sana.

Kabla kazi haijatoka, Sikio alimwalika Mama Mkwe studio. Alipanda ngazi mwenyewe, mkono wa kushikwa akaukataa, akafika juu anahema na kulaumu harufu ya rangi. Akaketi kwenye kiti cha katikati, miguu haifiki vizuri chini. Binti yake akasimama nyuma ya kiti. Mkwewe akabonyeza kitufe, akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono nyuma kama siku ile ya kujitambulisha.

Wimbo ukapigwa mpaka mwisho. Mama Mkwe alisikiliza uso umekaza, kama anayesomewa shtaka. Kwenye kiitikio cha kwanza kidevu kilinyanyuka. Kwenye cha pili alikunja paji. Kwenye cha tatu alifumba macho. Ulipokwisha Sikio alisikia vitu vyote vya jengo lile, friji ya duka la chini, mjusi darini, moyo wake mwenyewe.

"Kiitikio cha pili," alisema Mama Mkwe hatimaye. "Nimechelewa kuingia."

"Kidogo sana, Mama. Hakuna atakayesikia."

"Wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nisogeze mbele. Si mashine inaweza?"

Inaweza. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, kidole kimoja. Mkewe alimtazama kwa nyuma ya kiti, anajua kabisa kwamba mtu huyu katika miaka ishirini na saba hajawahi kumwambia mama yake hapana, hata alipoulizwa kama anataka kuongezewa wali.

"Hapana, Mama," alisema Sikio. "Sisogezi mtu tena. Ulichelewa, na ukachelewa vizuri. Hiyo inakaa."

Mama Mkwe akageuza shingo polepole, akamtazama kutoka utosini hadi kwenye vidole, na safari hii alichukua muda mrefu zaidi.

"Haya," alisema. "Lakini andika kwenye jalada kwamba mpiga ngoma ndiye aliyewahi."

Jalada jipya lilipochapwa, jina lake lilikuwemo, la nane kwenye orodha ya wanamuziki, herufi sawa na wenzake. Kuhusu mpiga ngoma Sikio hakuandika kitu. Mtu yule naye ana wakwe zake.